Michael Kiwanuka: Safari ya mapema ya mwana wa wakimbizi wa Uganda katika muziki wa soul Uingereza

JINA Kiwanuka si geni masikioni mwa wakazi wa Afrika Mashariki. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, na baadaye Jaji Mkuu, ambaye wanajeshi wa Idi Amin walimkamata katika Mahakama Kuu jijini Kampala mnamo Septemba 1972, asionekane tena. Joseph Kiwanuka wa Masaka ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufanywa askofu wa Kanisa Katoliki, mwaka wa 1939. Nao wazee wa Buganda watakueleza kwamba, kabla ya hao wote, Kiwanuka lilikuwa jina la mungu wa radi katika itikadi zao za jadi.

Hata hivyo, Januari 2012 jina hilo lilipoanza kuchapishwa katika kurasa za burudani za magazeti ya Uingereza, wasomaji wengi wa huko walilisoma mara mbili mbili. Aliyeitwa hivyo alikuwa kijana wa miaka 24, mpole, mwenye gitaa na sauti nzito yenye mkwaruzo, ambaye wadau wa muziki walikuwa wamemtaja kuwa chipukizi wa kutazamwa zaidi mwaka huo. Leo Michael Kiwanuka huhesabiwa miongoni mwa waimbaji na watunzi wakuu wa soul waliotoka Uingereza katika karne hii. Makala haya yanaangazia miaka yake ya mwanzo, ambayo haikuwa miteremko kama wengi wanavyodhani.

Wazazi waliokimbia Amin

Michael Samuel Kiwanuka alizaliwa Mei 3, 1987, na kukulia Muswell Hill, kaskazini mwa London. Wazazi wake ni wenyeji wa Uganda waliotoroka utawala wa Amin. Dikteta huyo alitwaa mamlaka kwa mapinduzi ya kijeshi Januari 25, 1971, akang'olewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania yakishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Katika miaka hiyo minane watu wengi waliikimbia nchi. Wakenya wa makamo wangali wanawakumbuka walimu wa Uganda waliowafunza hesabu na Kiingereza katika shule zetu za upili miaka ya sabini. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi katika miji ya Uingereza, wakaanza maisha upya katikati ya baridi na watu wasiowajua.

Muswell Hill si mtaa wa mabanda. Ni mtaa wa watu wenye nafasi zao, na katika utoto wa Michael watu weusi walikuwa wachache huko. Katika historia ya muziki mtaa huo unajulikana kwa ndugu Ray na Dave Davies, waasisi wa bendi ya roki ya The Kinks katika miaka ya sitini. Kwa hiyo kijana huyu alizungukwa na marafiki Wazungu waliopenda gitaa la umeme, naye akalipenda pia. Alianza kujifunza kulipiga akiwa bado mvulana mdogo, na bendi alizozienzi zilikuwa zile zilizopendwa na wenzake, kama vile Nirvana ya Marekani na Radiohead ya Uingereza.

Hapo ndipo tatizo lake la kwanza lilipozuka, nalo halikuwa la vidole. Kwa vijana wengi weusi wa London wakati huo, muziki wao ulikuwa rap na mitindo iliyochipuka katika mitaa yao. Gitaa la roki lilihesabiwa kuwa la Wazungu. Kiwanuka amesimulia mara nyingi katika mahojiano jinsi alivyojiona yuko peke yake, hadi siku alipotazama filamu kuhusu Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyehamia London mwaka wa 1966 na kubadilisha kabisa namna ulimwengu ulivyolisikia gitaa. Kumwona tu mtu anayefanana naye akiwa ameshika chombo kile kulimfungua macho.

Msomaji wa Kibugu, kule Embu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huenda akashangaa na kuuliza kulikuwa na ajabu gani hapo. Kwetu mtu mweusi mwenye gitaa ni jambo la kawaida kama majani chai shambani. Joseph Kamaru alijijengea jina kwa gitaa, wanamuziki wa benga walilifanya lizungumze lugha zote za nchi hii, na Mike Rua amewakesha walevi na wasiokunywa vilabuni kwa gitaa lake moja tu. Lakini ndivyo ughaibuni unavyoweza kumpokonya mtoto hata kile ambacho angekirithi bila jasho kama angezaliwa nyumbani. Michael Kiwanuka alilazimika kulitafuta gitaa la watu weusi kupitia filamu ya Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1970, miaka 17 kabla yeye mwenyewe hajazaliwa.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Otis Redding. Katika diski iliyotolewa bure pamoja na jarida la muziki, kijana huyo alikutana na rekodi ya majaribio ya wimbo (Sittin' On) The Dock of the Bay, ambao Redding aliukamilisha siku chache kabla ya kufa katika ajali ya ndege Desemba 10, 1967. Haukuwa ule uliosafishwa na kuuzwa madukani. Ulikuwa mkavu, na sauti za watu wakizungumza studioni zilisikika. Kwa maelezo yake, ukavu huo ndio uliomvuta. Akatoka hapo akaanza kuwatafuta Bill Withers, Marvin Gaye na wengineo, huku Bob Dylan na waimbaji wengine wa gitaa la mbao wakichukua nafasi yao katika sikio lake.

Gitaa la kukodiwa

Kiwanuka alimaliza masomo ya sekondari katika shule ya Fortismere, huko huko Muswell Hill, mwaka wa 2005, kisha akasomea katika Chuo Kikuu cha Westminster. Wakati huo tayari alikuwa ameanza kulipwa kwa kupiga gitaa. Kazi yake ilikuwa ile isiyoonekana sana na mashabiki, yaani mpiga gitaa wa kukodiwa, anayeitwa studioni au jukwaani kuwasindikiza wenye majina. Miongoni mwa aliowapigia ni Bashy na Chipmunk, wasanii wawili wa rap wa London waliokuwa wakivuma mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii.

Ni vyema kusitasita kidogo hapa, kwa sababu wasifu mwingi wa msanii huyu hukimbia kipindi hiki kwa sentensi moja. Mpiga gitaa wa kukodiwa hufunzwa nidhamu ya kutojitokeza. Hupimwa kwa jinsi anavyofika kwa wakati, anavyoshika wimbo upesi na anavyojua kunyamaza pale mwenye wimbo anapotaka kusikika. Mtu akiisikiliza albamu ya kwanza ya Kiwanuka atalisikia hilo. Gitaa lake haliringi, bali linaisindikiza sauti yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ubaya wa nidhamu hiyo ni kwamba humzoesha msanii kusimama nyuma, na kutoka huko nyuma si kazi ya siku moja.

Kwa kweli hakukusudia kuwa mwimbaji wa mbele. Aliandika nyimbo pembeni huku akijiona zaidi kama mpigaji na mtunzi. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipofanya onyesho lake la kwanza kama msanii wa kujitegemea katika Oxford Arms, baa ya Camden, pia kaskazini mwa London. Hizi ni kumbi ndogo ambako mwimbaji husikia glasi zikigongana katikati ya ubeti. Ni huko, na katika rekodi alizozitengeneza bila gharama kubwa, ndipo watu walipoanza kuulizana ni nani huyo mwenye sauti ya mzee katika mwili wa kijana.

Soul mpya na soul ya kale

Mtindo uliokuwa ukitamba wakati huo una historia yake. Jina la soul mpya lilienezwa na wafanyabiashara wa muziki wa Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya tisini, walipotaka kuuza kazi za wasanii waliochanganya soul ya kale, jazi na midundo ya hip hop. D'Angelo alitoa Brown Sugar mwaka wa 1995, Maxwell akafuata mwaka wa 1996, Erykah Badu akatoa Baduizm mwaka wa 1997, naye Lauryn Hill akawafunika wote mwaka uliofuata. Uingereza nayo ilikuwa na Omar hata kabla ya hao. Baadaye wakaja Amy Winehouse, ambaye Back to Black yake ya mwaka wa 2006 ilithibitisha kwamba sauti za miaka ya sitini zingali na soko, na Corinne Bailey Rae, aliyejitokeza mwaka huo huo. Adele alitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 2008.

Wachambuzi humweka Kiwanuka katika kundi hili, nami sioni vibaya, ingawa kiatu hicho kinambana. Katika nyimbo zake za awali midundo ya hip hop haisikiki, japo ndiyo aliyokuwa akiipigia gitaa ili apate riziki. Alirudi nyuma zaidi, kwa Bill Withers, yule fundi wa kiwandani aliyetoa albamu yake ya kwanza akiwa amevuka miaka 30, na ambaye mwaka wa 1974 aliketi na gitaa lake mbele ya umati wa Kinshasa katika tamasha lililohusishwa na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Ulinganisho na Withers ulimfuata Kiwanuka kila alikokwenda katika miaka miwili ya kwanza, mpaka ukageuka mzigo.

Kisiwani Wight

Nyimbo za majaribio za Kiwanuka zilimfikia Paul Butler wa bendi ya The Bees, aliyekuwa na studio yake katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Butler ni mtu wa vyombo vya kale. Hupiga ala nyingi mwenyewe, na hupenda mashine za kurekodia za zamani zenye joto lake kuliko usafi wa kompyuta. Alimwita kijana huyo kisiwani, na huko wakafanya kazi wawili hawa kwa utulivu, mbali na kelele za jiji, wakizivalisha nyimbo zilizokuwa za gitaa na sauti tu mavazi ya filimbi, tarumbeta na fidla.

Matunda ya kazi hiyo yalitolewa na Communion, kampuni ndogo iliyoanza mwaka wa 2006 kama usiku wa maonyesho katika klabu moja ya Notting Hill, London. Miongoni mwa waasisi wake ni Ben Lovett wa kundi la Mumford & Sons. Kampuni hiyo ilijulikana zaidi kwa waimbaji wa gitaa la mbao, wengi wao Wazungu, na kumpokea kijana mweusi aliyeimba soul kulionyesha kwamba walikuwa wakiyasikiliza maneno na sauti kabla ya kutazama rafu ya dukani atakakowekwa. Juni 2011 ikatoka albamu fupi ya Tell Me a Tale, na miezi michache baadaye ikafuata I'm Getting Ready.

Wimbo Tell Me a Tale unafaa kusikilizwa hata leo na yeyote anayetaka kujua kwa nini watu walisimama. Unaanza kwa kishindo cha jazi, filimbi ikirukaruka juu ya ngoma, kisha sauti inaingia bila haraka. I'm Getting Ready ni kinyume chake kabisa: ni wimbo wa mtu mmoja aliyekaa kitini, wenye harufu ya sala. Kiwanuka ni Mkristo na hajawahi kulificha jambo hilo katika tungo zake, ingawa hahubiri. Mashaka na imani hukaa pamoja katika beti zake kama majirani waliozoeana.

Mwaka huo huo wa 2011 alipata nafasi ambayo wasanii chipukizi huiota. Adele, aliyekuwa ametoa albamu ya 21 mwezi Januari na kugeuka mwimbaji anayeuza kuliko wote duniani, alimchukua kufungua maonyesho katika ziara yake. Kazi ya kufungua maonyesho haina huruma. Hadhira imelipa kumwona mwingine, wengi wangali wanatafuta viti vyao, na anayeimba ana nusu saa tu ya kuwafanya wanyamaze. Kiwanuka, aliyekuwa akiimba katika baa miaka miwili tu nyuma, alijikuta mbele ya maelfu. Polydor, mojawapo ya kampuni kubwa za muziki, nayo ikamsajili.

Ushindi wa Januari 2012

Kila mwisho wa mwaka Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa likiwauliza wachambuzi, watangazaji na wadau wengine zaidi ya 100 wamtaje msanii wanayemtarajia kung'aa mwaka unaofuata. Orodha hiyo ilianza mwaka wa 2003 kwa ushindi wa 50 Cent, na waliowahi kuiongoza ni pamoja na Corinne Bailey Rae mwaka wa 2006, Adele mwaka wa 2008 na Jessie J mwaka wa 2011. Mapema Januari 2012 ilitangazwa kwamba mshindi ni Michael Kiwanuka. Waliomfuata hawakuwa wa kubezwa: Frank Ocean alikuwa wa pili, Azealia Banks wa tatu na Skrillex wa nne.

Alikuwa pia miongoni mwa watatu walioteuliwa kuwania Chaguo la Wachambuzi katika tuzo za Brit za mwaka huo. Aliyeibuka mshindi ni Emeli Sandé, ambaye babake ni mzaliwa wa Zambia. Katika msimu huo mmoja, basi, wawili kati ya waliotabiriwa kuubeba muziki wa Uingereza walikuwa watoto wa Waafrika wa upande huu wa bara. Sikumbuki magazeti yetu yakilifanyia sherehe jambo hilo.

Albamu ya kwanza, Home Again, ilitolewa Machi 12, 2012 na kufikia nafasi ya nne katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Iliteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury, inayotolewa kwa albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland. Aliyekuwamo pia katika orodha hiyo ni Lianne La Havas, mwimbaji mwingine wa soul wa London. Tuzo ilikwenda kwa kundi la alt-J.

Wachambuzi waligawanyika kuhusu Home Again. Waliosifu walisifu sauti yake na upole wa upangaji. Waliolaumu walisema ni muziki wa makumbusho, ulioigiza miaka ya sabini bila kuongeza lolote. Kwa maoni yangu, kila upande ulikuwa na chembe ya ukweli. Kuna nyimbo humo ambazo mtu akizisikia redioni bila kutajiwa mwimbaji angedhani zilirekodiwa kabla ya Uganda kupata uhuru wa pili wa mwaka 1979. Lakini chini ya mavazi hayo ya kale kulikuwa na kijana wa kisasa anayeuliza swali ambalo Withers hakuwa na haja ya kuliuliza, yaani nyumbani ni wapi. Kichwa chenyewe cha albamu kinazungumzia kurudi nyumbani, na mwana wa wakimbizi anapotumia neno hilo, halina anwani moja.

Ukimya wa miaka minne

Baada ya ushindi, msanii hutarajiwa kuharakisha. Kiwanuka hakuharakisha, na mwanzoni haikuwa kwa hiari. Alirekodi nyimbo za albamu ya pili, lakini hazikupata mapokezi mazuri kwa waliopaswa kuzitoa, na kazi hiyo ikaachwa. Katika kipindi hicho Kanye West alimwalika kushiriki vikao vya kurekodi wakati albamu yake ya Yeezus, iliyotoka mwaka wa 2013, ilipokuwa ikitengenezwa. Wengi wangeuza shamba ili wapate mwaliko kama huo. Kiwanuka alikwenda, akaketi na gitaa lake kati ya watu wenye majina makubwa, hakuelewa alitakiwa kufanya nini, akaondoka na kurudi London. Amekiri baadaye kwamba aliyaona hayo kama ushahidi kuwa hafai.

Jambo hili ndilo linalowasumbua wanaomtazama kutoka nje. Mtu aliyechaguliwa na zaidi ya wataalamu 100 kuwa bora anawezaje kujiona mdanganyifu anayekaribia kugunduliwa? Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mashaka hayo yalianza mapema: mweusi kati ya Wazungu shuleni, mpiga roki kati ya wapenda rap, mwimbaji wa soul katika kampuni ya waimbaji wa gitaa la mbao. Kila alipofika alijiona mgeni. Tuzo haikuondoa ugeni huo, bali iliuweka mahali pa watu wengi kuuona. Alifikiria kuacha kuimba kabisa na kurudi katika kazi yake ya zamani ya kuwapigia wengine gitaa.

Aliokolewa na ushirikiano mpya. Polydor ilimkutanisha na mtayarishaji wa Marekani Brian Burton, anayejulikana kama Danger Mouse, naye Kiwanuka akafanya kazi pia na Inflo, mtayarishaji kijana wa London ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Paul Butler wa Kisiwa cha Wight alichangia pia. Safari hii hakufika studioni na nyimbo zilizokamilika. Nyingi zilizaliwa pale pale, kutokana na mdundo, kwaya au mstari wa besi, na gitaa la umeme la utoto wake likarejea bila kuomba radhi.

Albamu hiyo, Love & Hate, ilitoka Julai 2016 na kuingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza Uingereza. Wimbo wa kwanza, Cold Little Heart, unachukua takriban dakika kumi, na sauti ya mwimbaji haisikiki vizuri hadi nusu ya safari. Hakuna mshauri wa biashara ambaye angempa ushauri wa kuanza hivyo. Hata hivyo, sehemu ya wimbo huo ilichaguliwa kufungua tamthilia ya runinga ya Marekani, Big Little Lies, iliyoanza kuonyeshwa Februari 2017, na watu waliokuwa hawajawahi kulisikia jina lake, wakiwemo wengi Nairobi na Kampala, wakaanza kuutafuta kwenye simu zao. Kibao kingine, Black Man in a White World, kilitaja waziwazi yale aliyokuwa akiyazunguka tangu utotoni: hali ya kuwa mtu mweusi katika ulimwengu wa weupe. Kinaongozwa na makofi ya mikono na sauti tupu, kama nyimbo za kazi za mashambani.

Suala la jina

Liko jambo moja la mwanzoni ambalo halikumalizika hadi mwaka wa 2019. Kiwanuka amesimulia kwamba aliposajiliwa kwa mara ya kwanza, watu walimuuliza atajiita nani. Swali lilimshangaza, kwa kuwa hakuwa amewahi kufikiria kwamba jina alilopewa na wazazi halikutosha. Baadaye, alipokuwa katika lindi la mashaka, alianza kujiuliza kama angeuza zaidi kwa jina lililo jepesi katika ulimi wa Kizungu.

Si yeye wa kwanza kutoka pande zetu kukutana na swali hilo. Mwaka wa 1946, kisiwani Unguja, alizaliwa Farrokh Bulsara, mwana wa familia ya Kiparsi iliyohamia Uingereza mwaka wa 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ulimwengu unamjua kama Freddie Mercury, kiongozi wa bendi ya Queen, na kwa miaka mingi mashabiki wake wengi hawakujua kama ana uhusiano wowote na Afrika. Hatuna sababu ya kumlaumu. Wakati wake ulikuwa mwingine, na kila mtu hulijua joto la jiwe lililo mkononi mwake. (Tuzo ya Mercury, kinyume na wanavyodhani baadhi ya watu, haikuitwa kwa jina lake. Ilipoanzishwa mwaka wa 1992 ilichukua jina la kampuni ya simu iliyoidhamini.)

Kiwanuka alichagua njia tofauti. Albamu yake ya tatu, iliyotengenezwa na Danger Mouse na Inflo na kutolewa Novemba 1, 2019, aliiita KIWANUKA, bila neno lingine lolote, na jalada lake likawa mchoro unaomwonyesha akiwa amevalia kifalme. Alieleza wakati huo kwamba ilikuwa namna ya kukaidi, ya kukubali hatimaye kuwa yeye ni nani. Albamu ilifikia nafasi ya pili Uingereza, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki, ule muziki aliowahi kuambiwa si wa watu kama yeye. Nyingine, Small Changes, ilifuata Novemba 2024.

KIWANUKA iliteuliwa pia kuwania Tuzo ya Mercury, hivyo albamu zake tatu za kwanza zote zikawa zimeingia katika orodha hiyo, mwaka wa 2012, 2016 na 2020. Kutokana na janga la corona hakukuwa na sherehe, ukumbi wala hadhira ya kupiga makofi. Mshindi alitangazwa Septemba 24, 2020 katika kipindi cha kawaida cha jioni cha runinga ya BBC, na mtangazaji akalisoma jina la msanii na la albamu yake, ambalo safari hii lilikuwa moja.